ADHABU YA MAHAKAMA NI YA NINI?

Watu watokapo mahakamani baada ya kesi kukatwa, mara nyingi husikika wakinung'unika. Huyu husema adhabu ni ndogo mno. Yule husema imepita kiasi. Huenda kila mmoja ana sababu yake, kwa kuwa kila mmoja anafikiri kusudi moja tu la adhabu na kuyasahau mengine. Basi yafaa tuyaeleze makusudi hayo, ili msomaji apate kuyapima mwenyewe.

Na tutoe mfano. Tuseme kijana mmoja wa Mweiga, katika njia itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, ameiba usiku kondoo wawili wa mama mjane. Amekamatwa, ameshtakiwa, na mahakama imemwona ana hatia. Sheria ya Kenya huuhesabu wizi wa mifugo kuwa kosa zito. Wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 3, lakini wizi wa mifugo waweza kumpeleka mtu gerezani hata miaka 14. Lakini miaka hiyo 14 ni upeo tu. Hakimu halazimiki kuufikia. Je, apime kwa kipimo gani?

MAKUSUDI SITA

Mwaka 2016 Mahakama za Kenya zilipata mwongozo wa kutoa hukumu, na ndani yake yalitajwa makusudi sita ya adhabu.

La kwanza ni mkosaji kupata malipo ya haki yanayolingana na kosa lake, wala si zaidi. La pili ni kuonya, ili yeye mwenyewe na wengine wenye nia kama yake waogope. La tatu ni kumrekebisha, atoke akiwa mtu mwenye kufaa. La nne ni kutengeneza kilichoharibika, yaani aliyedhulumiwa afidiwe, na mkosaji akiri wajibu wake. La tano ni kuikinga jamii na mtu wa hatari. La sita ni kulitangaza kosa kuwa ni baya, ili watu wote wajue kwamba nchi hailikubali.

Makusudi haya yote ni mema, lakini hayaendi pamoja sikuzote. Kijana wetu akifungwa miaka mingi, wezi wengine wataonyeka. Lakini mama mjane atakuwa bado hana kondoo wake, na kijana atakaa na wezi wazoefu ambao huenda wakamfunza yale asiyoyajua. Tena akiachiliwa kwa kulipa kondoo tu, mjane atafurahi, lakini jirani watasema kwamba mwenye mali aweza kuununua wizi. Kwa hiyo kazi ya hakimu ni kuyapima makusudi hayo pamoja, akitazama kosa lenyewe, mtu aliyelitenda, na mtu aliyeumizwa.

DESTURI YA WAZEE

Kufidia si jambo geni katika nchi ya Nyeri. Zamani za mabaraza ya wazee wa Kikuyu hayakuwapo magereza. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwamba hata mtu akiuawa, ukoo wa muuaji ulilipa mbuzi na kondoo mia moja, au ng'ombe kumi, ikiwa aliyeuawa ni mwanamume. Kusudi kubwa lilikuwa kuzuia kisasi kisienee baina ya koo mbili. Desturi hiyo ilikuwa na upungufu wake pia: aliyeuawa akiwa mwanamke, malipo yalikuwa mbuzi na kondoo thelathini tu, au ng'ombe watatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huhesabu uhai wa mwanamume na wa mwanamke kuwa sawa.

KUSUDI BILA KIPIMO

Historia ya sehemu hizi hutufundisha pia hatari ya kushika kusudi moja na kuacha haki. Mwezi wa Novemba 1952, baada ya mlowezi mmoja kuuawa karibu na Thomson's Falls, mji uitwao leo Nyahururu, Serikali ya kikoloni ilikamata maelfu ya ng'ombe na kondoo, na kuwahamisha Wakikuyu wa sehemu ile, waume kwa wake na watoto. Hiyo iliitwa adhabu ya pamoja, na kusudi lake lilikuwa kuonya. Lakini wengi walioadhibiwa hawakushtakiwa kwa lolote. Onyo hilo halikuvizima vita. Viliendelea miaka kadhaa baadaye.

Tena, katika kambi za kizuizi za miaka ile ilisemwa kwamba watu wanarekebishwa. Mnamo tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu kumi na mmoja walipigwa mpaka wakafa kwa kuwa walikataa kufanya kazi. Walikuwa wamezuiliwa kwa amri ya Serikali, bila hukumu ya kesi yenye kiasi cha miaka.

Mafunzo yake ni wazi. Kuonya ni kwema, na kurekebisha ni kwema; lakini pasipo hatia iliyothibitishwa na kipimo kilichowekwa na sheria, vyote viwili hugeuka kuwa dhuluma.

NJIA ZILIZOPO

Kwa kijana wa Mweiga, hakimu ana njia nyingi kuliko jela peke yake. Aweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Tena, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, akiona kwamba kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, aweza kumwamuru afanye kazi ya umma bila mshahara, kama vile kupanda miti au kutengeneza barabara, huku akilala nyumbani kwake. Aweza pia kumwamuru amlipe mjane fidia. Na kondoo wakipatikana, hurudishwa kwa mwenyewe. Naye mjane si mtazamaji tu. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 humpa haki ya kusikizwa, aeleze hasara aliyoipata. Lakini kijana akiwa mwizi sugu, au kama alimtisha mjane kwa panga, kusudi la kuikinga jamii litazidi uzito, na mlango wa gereza utafunguliwa.

JAMBO LA KUONYA

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kuitwa adhabu, nalo ni kundi la watu kumpiga mwizi, au kumchoma moto, kando ya njia. Wanaofanya hivyo hudai kwamba wanaonya wengine. Lakini kundi halisikilizi shahidi, halijui kiasi, wala haliwezi kumrudishia uhai mtu aliyekamatwa kwa makosa. Hasira hasara. Kondoo wa mjane hawarudi kwa njia hiyo, na yule ambaye asubuhi alikuwa shahidi wa wizi aweza kuwa mshtakiwa wa kuua kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo, mwizi akikamatwa, apelekwe kwa chifu au kituo cha polisi, na walioona waende kutoa ushahidi. Kesi nyingi huanguka kwa kukosa mashahidi, kisha watu hulaumu hakimu. Na hukumu itolewapo, kabla ya kusema ni ndogo au ni kubwa, na tujiulize: Je, aliyedhulumiwa amepata haki yake? Je, mkosaji atarudi kwetu akiwa mwema kuliko alivyokwenda? Na sisi wengine, je, tutalala salama? Ikiwa majibu ni ndiyo, adhabu hiyo imetimiza kazi yake.