Kilomita Zinazohesabiwa na Simu

Jumapili alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya mashariki, vikundi vya mchakamchaka hushika barabara za Bujumbura. Watu hukimbia wakiimba na kupiga makofi, wengine wakielekea ziwani, wengine wakipanda mtaa wa vilimani wa Kiriri. Desturi hii iliwahi kuwekewa mipaka: Machi 2014 serikali ya Burundi ilizuia kukimbia kwa vikundi mitaani, ikaruhusu katika sehemu chache tu. Kwa wakazi wa mji huu mchakamchaka si jambo dogo. Wakishapumzika, wenye saa za kupimia mwendo hulinganisha. Mmoja ana kilomita 10. Aliyekimbia naye bega kwa bega ana 10.4.

Nani mkweli? Huenda hakuna.

Saa nyingi za bei nafuu hazina kipokezi cha GPS. Simu iliyo mfukoni ndiyo inayosikiliza setilaiti, kisha huipasha saa habari kwa Bluetooth. Anayeilaumu saa, basi, angeanza na simu yake.

Setilaiti hizo ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu ya dunia. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, nayo huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Ni ajabu kwamba mahali peupe simu hukosea mita tano hivi tu! Katikati ya mji, mawimbi hugonga kuta kwanza ndipo yafike, na kosa hukua. Tena Bujumbura iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, na katika ukanda huu tabaka la juu la anga huyavuruga mawimbi zaidi, hasa jua likishazama.

Simu ikiunganisha alama zenye makosa, mstari wake huyumba kama njia ya mlevi, na njia ya kuyumba ni ndefu kuliko iliyonyooka. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Peter Ranacher walieleza kwa hesabu kwa nini GPS huelekea kurefusha umbali. Lakini simu inayobana betri huweka alama chache, ikakata kona, na umbali ukapungua.

Mlima nao husingiziwa. Mteremko wa asilimia 10 huongeza mita 5 tu kwa kila kilomita, hata kama mapafu yanasema vingine. Tatizo la Kiriri huja simu ikiachwa nyumbani: saa huhesabu hatua na kuzizidisha kwa urefu wa hatua uliokadiriwa. Mpandaji hufupisha hatua, saa haijui, kilomita zinazidi.

Mbio rasmi za barabarani, kwa upande wake, hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio cha gurudumu, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isipungue. Na Mrundi Venuste Niyongabo aliposhinda dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, alizunguka uwanja mara 12 na nusu. Umbali ulikuwa umepimwa chini, ardhini.

Mkimbiaji aifunge simu kwenye mkono, si ndani ya begi. Asubiri ipate mahali ilipo kabla ya kuondoka, na azime hali ya kubana betri kwa programu ya mbio. Kisha aijaribu saa kwenye uwanja wa mita 400, akikimbia njia ya ndani kabisa; njia ya pili huongeza takriban mita 7 kwa kila mzunguko.