Je, Wajua? Choa kikififia hakijapona

Joto la Kaskazi likishika Makadara, shati hulowa jasho mgongoni kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo fangasi wa choa hustawi: kinenani, kwapani, kati ya vidole vya miguu. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 huuzwa duka la dawa bila karatasi ya daktari, na hutibu choa cha kawaida vizuri. Shida ni kuiacha mapema. Mwasho hukoma baada ya siku chache, lakini fangasi bado wamo ngozini. Paka mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, hata kama alama zimetoweka. Osha, kausha vizuri, kisha paka hadi sentimita 2 nje ya duara la choa, maana ukingo ule wenye magamba ndio unaotambaa.

Soma tyubu kabla ya kulipa. Ikiwa ina betamethasoni, hiyo ni steroidi: hutuliza mwasho upesi huku choa kikienea chini kwa chini.

Mapunye, yaani choa cha kichwani, hayaponi kwa krimu pekee; huhitaji dawa ya kumeza. Mtoto akiwa nayo, mpeleke kwa daktari.