Gazeti la Darasa na Msomaji wa Mbali

Mwanafunzi aandikapo insha ili isahihishwe tu, huwa na msomaji mmoja, naye ni mtafuta makosa. Si ajabu basi kwamba insha za darasa zima hufanana kama sare za shule.

Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, alilikabili tatizo hili. Mapafu yake yalijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, hata akashindwa kusema mbele ya darasa kwa muda mrefu. Mwaka 1924 alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa. Watoto waliandika kwa hiari yao habari za nyumbani na kijijini. Darasa likapiga kura kuchagua andiko moja, likalirekebisha kwa pamoja, kisha likapanga herufi. Baadaye kurasa hizo zilibadilishanwa na za shule ya mbali, katika jimbo la Brittany. Hivyo watoto wa milimani wakasoma maisha ya watoto wa pwani.

Faida ya mbinu hii ni dhahiri. Msomaji asiyekijua kijiji chako hukulazimisha ueleze waziwazi.

Mwalimu asiye na mashine atumie karatasi za manila na ukuta wa darasa, kisha abadilishane nakala na shule nyingine kila muhula. Asahihishe tahajia na sarufi, lakini asiguse jambo lenyewe wala namna ya mtoto ya kuliona. Akiligusa, sare zitarudi.