Je, Wajua? Neva Zisizosubiri Ruhusa Yako

Je, wajua kwamba moyo usioguswa na neva yoyote hupiga kama mara 100 kwa dakika? Ukiwa umetulia na mapigo yako ni 70, shukuru neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi tumboni na kuupunguzia moyo kasi usiku na mchana.

Je, wajua kwamba vagasi ni sehemu ya mfumo wa neva unaojiendesha, wenye pande mbili? Simpathetiki huuandaa mwili kwa hatari: moyo huenda mbio, mboni hupanuka, mdomo hukauka, usagaji wa chakula hupungua. Parasimpathetiki, upande wa vagasi, hurudisha utulivu. Wa kwanza huviamuru viungo vingi kwa kemikali iitwayo noradrenalini, wa pili kwa asetilikolini. Jasho halifuati kanuni hiyo: neva zake ni za simpathetiki, lakini humwaga asetilikolini.

Je, wajua kwamba ushahidi kuwa neva huamuru kwa kemikali ulianzia ndotoni? Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha Graz, Austria, aliamka usiku, akaandika alichoota, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo lilirudi. Safari hii alikwenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikiwa bado inapiga. Aliisisimua vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua majimaji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa pili, usio na neva. Nao ukapunguza mwendo! Kumbe neva haikutegemea umeme peke yake; ilimwaga kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na kitu hicho baadaye kilithibitika kuwa asetilikolini. Kwangu mimi, hakuna jaribio zuri kuliko hili la kumsimulia mwanafunzi wa biolojia. Mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimfunga, na kabla ya kumruhusu kuondoka wakamlazimisha kuzikabidhi fedha za tuzo hiyo.

Je, wajua kwa nini bodaboda iliyokukosakosa imeshapotea mbali na moyo wako bado unadunda? Tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu, na damu haisafishiki papo hapo. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, huiga kazi ya adrenalini kwenye njia za hewa na kuzipanua.

Je, wajua kwamba kathinoni ya miraa huzifanya neva zimwage noradrenalini kwa wingi? Ndiyo maana mapigo na presha ya mlaji hupanda. Majani yakinyauka kathinoni huharibika, na magari yanayotoka Meru na miraa hukimbizwa kwa sababu hiyo.

Je, wajua kwamba mwili una kimeng'enya cha kuivunja asetilikolini mara tu inapomaliza kazi? Kikizuiwa, amri haikomi. Maharagwe ya Calabar, Nigeria, waliyonyweshwa watu walioshukiwa uchawi, huua kwa njia hiyo. Kemikali yake hiyohiyo ilikuja kutibu presha ya macho. Hata sumu ya mamba wa kijani, nyoka anayeishi kwenye miembe na mikorosho ya mwambao wetu, ina kiambata kinachokizuia kimeng'enya hicho.

Na je, wajua kwamba viuatilifu vingi vya shambani, vya kundi la organofosfeti, hufanya vivyo hivyo? Mkulima hutokwa na mate na machozi, huloa jasho, huharisha, kifua hujaa majimaji na mboni hubana zikawa kama ncha ya sindano. Dawa ipo: atropini, inayoizuia asetilikolini isifanye kazi kwenye moyo, mapafu na tezi. Lakini atropini iko hospitali. Ukimwona mwenzako na dalili hizi baada ya kupulizia dawa, vaa glavu, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali, na ubebe chupa ya dawa aliyotumia ili daktari aisome. Usimnyweshe maziwa ukisubiri apate nafuu.