Chumba cha Kulia

Watoto, chumba cha kulia hutaka kipimo kwanza, uzuri baadaye. Hesabuni watu wa nyumba. Kila mtu anahitaji sentimeta 60 mezani; basi meza yenye urefu wa sentimeta 180 inatosha watu watatu kila upande. Kimo chake kiwe sentimeta 75, na kimo cha viti 45. Nyuma ya viti acheni sentimeta 90, mama apate kupita na sufuria ya moto bila kumwunguza mtoto.

Wekeni meza karibu na dirisha, penye nuru na hewa. Mlangoni wekeni maji na sabuni. Funikeni chakula, maana inzi hutoka chooni, hutua juu yake, huleta kuhara. Kisha tandikeni kitambaa safi na kuweka maua.

Pimeni chumba kwanza, ndipo baba amwite seremala.