MWANAFUNZI WA UUGUZI NA BANGI: TIBA KWANZA

Ndugu wafanyakazi wa saruji na wa mpunga hapa Bugarama,

Wengi wetu tunajinyima ili mtoto asome uuguzi. Siku tukisikia anavuta bangi au anameza vidonge vya usingizi, tunasema: afukuzwe! Tufikiri kwanza.

Mwanafunzi huyu anakesha na wagonjwa, anaona watu wakifa, na kabati la dawa liko karibu naye. Kesho atampiga sindano mtoto wako. Basi si jambo la kunyamazia. Lakini akijua kwamba adhabu ni kufukuzwa tu, atajificha, na wenzake watamficha. Atakayeumia ni mgonjwa.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inampa mtumiaji kifungo cha mwaka 1 hadi 2, au kazi ya manufaa ya umma. Matibabu nayo yapo: hospitali ya Ndera ina kituo chake cha Icyizere, Kigali.

Je, tiba inafaa? Huko Marekani, uchunguzi wa mwaka 2008 uliwafuata madaktari 904 waliotibiwa ulevi na dawa, wakapimwa mara kwa mara. Kwa miaka 5, zaidi ya 7 katika kila 10 hawakukutwa tena na kilevi mwilini.

Kwa hiyo, wazazi, tudai shuleni:

1. Atolewe wodini mpaka apone.
2. Atibiwe, apimwe, kisha arudi masomoni.
3. Dawa za kabatini zihesabiwe kila zamu.

Mfanyakazi mlevi hatumwachi kwenye mashine, wala hatumtupi. Mwanetu naye ni vivyo hivyo.