ISTILAHI ZA KUMWANDAA MWALI: KUSINGA SI KUCHUBUA

Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno yatumikayo katika kazi ya kuitayarisha ngozi ya bibi harusi katika miezi na majuma yanayotangulia ndoa, kama yanavyosikika katika mitaa ya katikati ya Dar es Salaam, tangu Magogoni hadi Kariakoo. Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya faragha, yasiyostahili kuwashughulisha watungaji wa istilahi. Sisi hatuoni hivyo. Mfasiri anayeandika maelezo ya kopo la krimu, mwalimu anayefundisha elimu ya afya, na mtumishi wa serikali anayetayarisha tangazo la kuwatahadharisha wananchi, wote hulazimika kuchagua miongoni mwa maneno haya. Neno likichaguliwa vibaya, anayeumia ni mwali.

1. Mwali na wanaomlea

Neno mwali, ambalo wengine hulitamka mwari, lina maana mbili zilizo karibu. Katika Unguja na sehemu nyingi za pwani ni msichana anayeandaliwa kuolewa. Miongoni mwa Wazaramo, ambao ni wenyeji wa eneo la Dar es Salaam, ni msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani kufundwa. Marja-Liisa Swantz aliyaeleza kwa kirefu mambo hayo katika utafiti wake juu ya mila za Wazaramo uliochapishwa mwaka 1970. Kinachoziunganisha maana hizi mbili ni kutawa, yaani kukaa ndani mbali na jua na macho ya watu. Ama kuhusu wingi wake, walimu wanajua kwamba "wali" huwachekesha wanafunzi kwa kuwa hufikiri chakula. Kwa hiyo yafaa kutumia wanawali.

Anayemwongoza mwali huitwa kungwi au somo. Mfasiri asiwageuze watu hawa kuwa "wataalamu wa urembo" tu. Kungwi hufunza adabu, siri za nyumba na usafi wa mwili. Urembo ni tawi moja la kazi yake.

2. Singo, liwa, dalia na manjano

Kitenzi cha msingi ni kusinga, maana yake kuupaka mwili vitu vya manukato huku ukikandwa na kusuguliwa. Kutokana nacho tumepata nomino singo, ambayo ni mchanganyiko wenyewe. Tusikichanganye kitenzi hiki na neno singa litumikalo katika "nywele za singa", yaani nywele laini zilizonyooka. Hayo ni maneno mawili yenye umbo moja.

Singo haina kipimo kimoja. Kwa kawaida hutiwa maua makavu yaliyosagwa, kama vile waridi, asumini, kilua na mlangilangi; hutiwa pia karafuu, liwa na dalia, kisha vyote hulainishwa kwa marashi au mafuta. Liwa ni ubao wenye harufu nzuri ambao husuguliwa kwa maji juu ya jiwe liitwalo msio mpaka upatikane ute mzito. Ndugu zetu wa Komoro na Mayotte nao hujipaka usoni ute wa namna hiyo, nao huuita msindzano. Dalia ni unga wa manjano wenye manukato. Vitu hivi huuzwa katika maduka na vibanda vya Kariakoo, na majina yake hayajapotea sokoni, ijapokuwa katika saluni vijana husema "skrabu" kwa kila kitu cha kusugulia. Hatuna ugomvi na neno skrabu kwa bidhaa ya kiwandani. Lakini pale ambapo kitu chenyewe ni singo, hapana sababu ya kukinyima jina lake.

Neno manjano lahitaji uangalifu. Kwa wengi wa bara na Dar es Salaam, kiungo hicho huitwa binzari. Unguja husema bizari ya manjano, kwa kuwa huko bizari peke yake yaweza kuwa kiungo kingine, mathalani bizari nyembamba. Mfasiri akiandika "paka binzari" tu, msomaji wa Unguja aweza kuuliza ni ipi. Tunapendekeza manjano liwe jina la mmea na unga wake katika maandishi ya afya na vipodozi.

3. Nongo, neno lililosahauliwa

Mwali anaposuguliwa kwa singo, hutoka vijinyuzi vya taka vinavyoviringika chini ya kiganja. Hizo ndizo nongo. Wataalamu wa ngozi watasema kwamba ni seli zilizokufa za tabaka la juu, na kwamba tabaka hilo hujifanya upya kwa muda wa majuma manne hivi. Ndiyo maana makungwi hawakuridhika na kusinga mara moja usiku wa harusi, bali walianza mapema na kurudia. Katika vitabu vingi vya kufasiriwa tunakuta "ondoa seli zilizokufa za ngozi". Maneno hayo si makosa, lakini ni marefu na ni mageni kwa mama wa nyumbani. "Toa nongo" ni fupi, nalo lafahamika.

Baada ya kusingwa, ngozi husemwa kuwa imetakata. Neno hili halina maana ya kuwa nyeupe. Mtu mweusi hutakata, na wa maji ya kunde hutakata. Kila mmoja kwa rangi yake. Manjano nayo huacha rangi yake juu ya ngozi kwa siku chache, kisha hutoka kwa kuoga. Haipunguzi weusi wa mwili.

4. Hina na piko

Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa, nayo hutoa rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu baada ya kukaa ngozini kwa saa kadhaa. Piko ni rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi na miguuni. Hapa kuna hatari iliyojificha ndani ya jina. Piko nyingi za siku hizi ni rangi ya nywele ya kiwandani yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kemikali hiyo huweza kuunguza ngozi na kuleta malengelenge, na mtu aliyekwisha kudhurika nayo aweza kudhurika tena kila aigusapo maishani. Kwa hiyo usemi "hina nyeusi" haufai kabisa katika maandishi rasmi. Hina haiwi nyeusi kwa dakika chache. Kuiita piko jina la hina ni kuiazima heshima ya mmea ambao haumo.

5. Kuchubua na mkorogo

Sasa tufikie jambo lenye uzito kuliko yote. Kando ya singo, mwali wa leo huuziwa mkorogo. Neno hili limezaliwa mitaani kutokana na kitenzi koroga, nalo ni mchanganyiko wa krimu na losheni za kupunguza weusi. Kitendo chenyewe wananchi wamekiita kujichubua. Mtoto akianguka hujichubua goti. Ngozi ya juu hutoka na nyama hubaki wazi. Watu walipolichukua neno hilo kwa ajili ya krimu hizi, walitoa hukumu pamoja na jina.

Mtu wa sayansi aweza kupinga akisema kwamba zebaki na hidrokwinoni hazibambui ngozi, bali huzuia mwili kutengeneza melanini, ambayo ni rangi ya ngozi. Hoja yake ni ya kweli, nasi tunaikubali kwa vitabu vya taaluma. Humo tunapendekeza kufifisha rangi ya ngozi. Lakini katika tangazo kwa wananchi, kuchubua ndilo neno linalotimiza kazi, kwa sababu ndani yake limebeba onyo.

Tusilolikubali ni maneno ya wauzaji. Makopo huandikwa "kung'arisha", na mara nyingine "kutakatisha". Sufuria ya shaba ikisuguliwa hung'aa, nayo hubaki shaba. Ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi hung'aa, nayo hubaki ile ile. Krimu inayoiondoa rangi haing'arishi. Tena si ajabu kwamba kitenzi kutakatisha kimezoeleka siku hizi katika mashauri ya utakatishaji fedha, ambako chafu huvishwa sura ya safi.

Madhara yake yanajulikana. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya weusi wa kibuluu, kinyume cha kilichotafutwa. Krimu za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi. Kwa bibi harusi kuna jambo la zaidi: wengi hushika mimba mapema baada ya ndoa, na zebaki iliyomo mwilini mwa mama humfikia mtoto tumboni.

Katika Tanzania vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ukakiondoa hata kiwango hicho, na kuuweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Lakini sheria husomwa kwa maneno. Mkaguzi au mnunuzi asiyejua kwamba kalomeli ni zebaki kwa jina jingine, hulipita kopo hilo bila kushtuka.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kusinga na singo yatumike kwa kusugua mwili kwa manukato, na kutoa nongo kwa kuondoa taka za ngozi.
(b) Kung'arisha kutumike kwa mafuta na losheni zisizogusa rangi ya ngozi tu.
(c) Kuchubua kutumike katika maandishi ya umma kwa krimu zote za kupunguza weusi, na kufifisha rangi ya ngozi katika taaluma.
(d) Piko isiitwe hina.
(e) Majina ya kemikali yaandikwe kwa matamshi ya Kiswahili, na kila kiwanja cha zebaki kitajwe pamoja na neno zebaki, mathalani "kalomeli, yaani zebaki". Watu wa mji huu walioigeuza Carrier Corps kuwa Kariakoo hawatashindwa na hidrokwinoni.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya wasomaji wao, hasa mbele ya makungwi, ambao wameyatunza mengi kati yake bila kuyaandika, na watuletee maoni yao.